Mwaka Tulioziaga Faili za Karatasi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla mlango haujafunguliwa, nikasimama kwenye ngazi nimekumbatia vyeti vyangu kana kwamba kuna mtu angeninyang'anya. Kliniki ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo kuukuu katikati ya jiji, juu ya duka la viatu. Nilikuwa nimetoka Bungoma mwaka uleule, nimesomea kazi ambayo hata mama yangu mzazi hakuielewa: ofisa wa kumbukumbu za afya. Mama alijua tu kwamba nimeajiriwa na daktari, akawatangazia majirani, na kila nilipokwenda nyumbani likizo niliamshwa na watoto wenye homa. Nilichoka kueleza kwamba mimi sitibu mtu. Kazi yangu ni kuhakikisha anayetibu anajua anamtibu nani.

Aliyenipokea alikuwa Msimamizi wa Masjala, mzee mwembamba mwenye koti la kijivu ambalo sikuwahi kumwona akilivua. Masjala ndicho kile chumba cha faili: rafu kutoka sakafuni hadi darini, harufu ya karatasi na vumbi, na dirisha moja dogo la kupitishia faili kwenda mapokezi. Aliangalia vyeti vyangu haraka, akanirudishia.

"Umesoma vizuri," akasema. "Sasa kuja nikuonyeshe kazi."

Alinifundisha kwamba faili hazipangwi kwa tarakimu za mwanzo za namba ya mgonjwa, bali kwa zile mbili za mwisho, ili wagonjwa wapya wasirundikane pembe moja na makarani wakagongana viwiko. Alinifundisha pia kadi nyekundu. Ukitoa faili kwenye rafu, unaacha kadi mahali pake ikionyesha imekwenda kwa nani. 

"Faili bila kadi ni kama mtu ametoka nyumbani bila kuaga," akaniambia. "Utamtafuta mochari na hospitali, kumbe amekaa kwa jirani."

Nilifanya kazi chini yake hadi alipostaafu, nikashika kiti chake. Kufikia hapo Daktari Mkuu, ambaye ndiye mwenye kliniki, alikuwa amefungua tawi la pili Dagoretti Corner na la tatu Spring Valley. Mimi nilipelekwa Dagoretti Corner, lakini faili za matawi yote matatu zilikuwa chini yangu. Wafanyakazi waliniita Madam Rekodi. Jina langu halisi, Nekesa, nadhani wengi wao hawakulijua.

Kwenye ramani matawi yale yalionekana kama dunia tatu. Mjini walikuja watu wa ofisi wakati wa chakula cha mchana. Dagoretti Corner walikuja wauzaji wa mitumba, mafundi, akina mama wenye watoto mgongoni. Spring Valley waliteremka kutoka kwenye magari yenye vioo vyeusi. Lakini mgonjwa hasomi ramani. Mama anayeishi karibu na Dagoretti hufanya kazi ya nyumba Spring Valley, na akienda mjini kununua sare za watoto huko ndiko kichwa humshika. Kila alikougua, faili yake ilikuwa kwingine. Tulikuwa na mwendesha bodaboda aliyeshinda barabarani na mkoba wa faili mgongoni. Mvua ikinyesha, dawa zilisubiri mvua ikatike.

Kilichotuamsha ni asubuhi moja pale Dagoretti Corner. Mwanamke mmoja muuza mitumba, jina lake Mary Mwende, aliletwa na wenzake wa soko akiwa anahema kwa shida, homa imempanda, hawezi kutamka neno. Daktari wa zamu, kijana aliyekuwa mpya kwetu, alisikiliza kifua akaamua ni nimonia, na akaagiza sindano ya penisilini. Muuguzi Mkuu, ambaye sote tulimwita Sista, akaniuliza dirishani, "Faili yake iko wapi?"

Kadi nyekundu ilisema mjini. Nikapiga simu. Karani wa huko, Kyalo, ambaye nilikuwa nimemfundisha mwenyewe, alikimbia rafuni akarudi.

"Madam, Mary Mwende wako wawili," akasema. "Umri wao karibu ni sawa. Mmoja ako na alama nyekundu, aleji ya penisilini. Mwingine hana kitu. Wako ni gani?"

Sikujua. Waliomleta walijua jina lake tu, si umri wala namba yake ya kliniki. Simu yake ilikuwa na nenosiri. Daktari kijana alisimama na maagizo yake mkononi, jasho likimtoka, na yule mama akizidi kuhema. Sista ndiye aliyesema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Daktari, tusibahatishe. Kuna dawa nyingine." Wakampa nyingine, wakamwekea oksijeni, na jioni akaweza kuongea. Nikamwuliza kuhusu penisilini. Akanishika mkono.

"Hiyo iliniangusha nikiwa msichana," akasema. "Nilikaribia kufa. Si nilisema huko mjini waandike?"

Ilikuwa imeandikwa, tena kwa wino mwekundu. Ila ilikuwa imeandikwa Nairobi mjini, na yeye alikuwa Dagoretti.

Daktari Mkuu alipopata habari hakumgombeza mtu. Alikuja mwenyewe, akaingia masjala, akatazama rafu kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Hizi karatasi zimetulea, lakini sasa zitatuulia mtu." Wiki hiyo akateua kamati ya kuchagua mfumo wa kompyuta, yaani programu ambayo ingeweka kumbukumbu za wagonjwa, na papo hapo iandae ankara zao na madai ya bima. Kamati ilikuwa ya watu watatu: Sista, Mhasibu Mkuu, na mimi nikiwa mwenyekiti.

"Mimi nitaweka sahihi tu," Daktari Mkuu akatuambia. "Nyinyi ndio mtakaa nayo. Na mjue kuchagua mfumo ni kama kuoa. Siku ya harusi kila mtu anapendeza."

Tulicheka. Baadaye nilimkumbuka mara nyingi.

Kampuni ya kwanza tuliyoitembelea ilikuwa kwenye ghorofa refu la vioo huko Westlands. Tuliandaliwa chai na sambusa, na binti wa mauzo, nadhifu, mwenye sauti ya mtangazaji, akatuonyesha mfumo wao kwenye skrini kubwa kama ya sinema. Ulikuwa mzuri, siwezi kudanganya. Michoro ya rangi, mapato ya siku yakipanda na kushuka kama kilima. Ukibonyeza mara moja, dai la bima limeshafika kwa bima. Kumbukumbu zote zilikaa kwenye wingu, ndivyo wataalamu wanavyoita kompyuta za mbali unazozifikia kupitia mtandao. Mhasibu Mkuu alikuwa ameacha hata chai yake. Kwa miaka alikuwa akirudishiwa madai ya bima kwa sababu ya mwandiko wa madaktari, na sasa aliona ukombozi.

Sista akaomba kujaribu mwenyewe. Akakaa, akaanza kumsajili mgonjwa wa kubuni, bibi mzee wa kijijini. Alifika mahali akakwama. Mfumo ulikataa kuendelea.

"Inataka barua pepe," akasema.

"Ni lazima, ndiyo," binti akajibu. "Ila kama hana, unaweza kuweka yoyote tu."

Sista akavua miwani. "Niweke uongo kwenye kumbukumbu ya mgonjwa?"

Akarudi nyuma akaangalia tena. Sehemu ya kuandika mzio, dawa zinazomdhuru mgonjwa, mfumo haukuilazimisha. Ungeweza kuiruka usijue umeiruka. Nilimjua Sista. Kwake kampuni ile ilikuwa imeshafungasha.

Ya pili ilikuwa juu ya duka la rangi kando ya Ngong Road, chumba kimoja, watu wawili. Mwenye kampuni alikuwa msichana mhandisi wa kompyuta jina lake Njeri, aliyevaa kandambili na kutuomba radhi kwa kukosa viti. Mfumo wake ulikuwa na sura ya kijivu, kama fomu ya kuombea kitambulisho. Lakini alichomoa waya wa mtandao mbele yetu, na ukaendelea kufanya kazi. Kila tawi lilikuwa na kompyuta yake ya kutunza kumbukumbu, ikiwa na betri ya akiba, na mtandao ukirudi matawi yanapashana habari. Mzio ulitokea kwa rangi nyekundu juu ya kila ukurasa, na picha ya mgonjwa pembeni, ili Mary Mwende huyu asichanganywe na yule. Sista alitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Na bima?" Mhasibu Mkuu akauliza.

Njeri akajikuna kichwa. "Hapo bado, baba. Ankara ya pesa taslimu inatoka. Ya bima mgonjwa akilipia sehemu, bima ikalipa sehemu, hiyo haijaiva."

Mhasibu Mkuu akafunga kalamu yake. 

Kwenye ngazi, kabla hata hatujafika barabarani, vita vikaanza.

"Kliniki haiendeshwi na huruma, Sista," akasema. "Bima wasipolipa, hiyo oksijeni utanunua na nini?"

"Na mgonjwa akifa, hiyo bima itamlipia nani?"

Kutoka siku hiyo hawakusalimiana. Nilikuwa nikikaa nao kwenye mikutano, kila mmoja akiongea na mimi kana kwamba mwenzake ni kiti. Na kila mmoja alikuwa na haki, ndilo lililonitesa. Nilikuwa rafiki wa Sista, tulisali kanisa moja, lakini mishahara yetu yote ilipitia mikononi mwa Mhasibu, na niliwahi kuona jinsi mtu yule alivyozeeka mwaka ambao bima zilichelewa.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikuliweka mezani. Makarani wangu walikuwa wameanza kunong'onezana. Nikiingia masjala, mazungumzo yanakatika. Mwishowe Kyalo alikuja kutoka mjini, akanifuata nikitoka kazini. Alikuwa mtu mzima, mtulivu, mzaliwa wa Kitui, na watoto wake wawili walikuwa shule ya upili.

"Madam, wacha niulize bila kuzunguka," akasema. "Hiyo kitu ikikuja, sisi tunaenda wapi?"

"Sijui, Kyalo."

"Lakini wewe ndio unachagua."

Nilimwambia nitauliza. Nilifika nyumbani Uthiru nikashindwa kula. Nilikuwa nimeingia kwenye kamati ile nikidhani ninachagua programu, kumbe nilikuwa nachagua pia nani abaki na nani aende.

Kesho yake nikaenda kumwona Daktari Mkuu ofisini kwake mjini. Nilimkuta anakula ndizi na karanga, chakula chake cha mchana cha kila siku.

"Ripoti iko tayari?" akauliza.

"Bado. Daktari, nikiandika ripoti hii, makarani wanaenda nyumbani?"

Aliweka ndizi chini. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli wake ulikuwa na ncha. "Nimelifikiria hilo, ndiyo. Mfumo una gharama zake. Na karani wa faili bila faili atafanya nini?"

Sijui nilipata wapi ujasiri. Sikuwa mtu wa kubishana na wakubwa. "Basi mtafute mwenyekiti mwingine," nikasema. "Kila faili lazima iingizwe kwenye mfumo na mtu anayeijua. Hawa ndio wanajua kwamba Mwende wako wawili. Mkiwafukuza, mtaingiza makosa yote ya miaka yote, na kompyuta itayaeneza matawi matatu kwa mara moja."

Akasema nitoke, atafikiri. Niliteremka zile ngazi, nikapita kwenye msongamano wa watu wa mchana na wachuuzi wa soksi bila kuona mtu. Nilijua nimejifukuza kazi mwenyewe.

Siku mbili nzima hakusema neno. Wakati huo nikafanya kitu pekee nilichoweza kufanya: nikaitisha jaribio. Nilimwomba binti wa Westlands na Njeri waje wote Dagoretti Corner Jumamosi mchana, baada ya kufunga, kila mmoja na mfumo wake kwenye meza yake. Hatukutumia mgonjwa wa kweli hata mmoja, maana siri za watu si za kuchezea, na siku hizi hata sheria inakataza. Tulitumia wafanyakazi. Kila mtu alipewa ugonjwa na jina la kubuni. Mpishi wa chai alikuwa na mimba. Dereva alikuwa mtoto wa miezi minane. Na Mhasibu Mkuu, kwa kura ambayo naapa haikuchakachuliwa, akawa bibi wa miaka themanini kutoka kijijini, asiye na simu, asiyejua mwaka aliozaliwa.

Akaanzia meza ya Westlands, kwa sababu ndiyo aliyoipenda. Kyalo alikuwa ndiye karani wa mapokezi.

"Shosho, barua pepe?"

"Sina," akasema Mhasibu Mkuu.

"Tarehe ya kuzaliwa?"

"Mwaka wa nzige."

Watu wakaanza kucheka. Mhasibu, nilishangaa kugundua, alikuwa mwigizaji. Aliinamisha mgongo, akashika kiuno, akakohoa. Kyalo akabonyeza huku na huku. Foleni ikarefuka nyuma, mtoto wa miezi minane akilalamika kwa sauti nzito kwamba ana njaa. Kabla bibi hajapata namba, mtandao ukapotea, na skrini nzuri ikabaki ikizungusha kiduara. Hatukuwa tumepanga. Ni Dagoretti Corner tu.

Binti wa mauzo alijitahidi. Akajaribu kutumia mtandao wa simu yake, akatuomba tusubiri. Nilimhurumia, maana kosa halikuwa lake. Mfumo wao ulifikiriwa na watu ambao mtandao wao haupotei.

Bibi akahamia meza ya Njeri. Alisajiliwa, akapigwa picha akiwa amenuna, akaulizwa dawa zinazomdhuru, na mfumo ukakataa kuendelea mpaka akajibu. Akapita kwa daktari, maabara, duka la dawa. Lakini alipofika kulipa, akanyoosha mgongo na kuacha kuwa bibi.

"Sasa mimi nina bima ya mwanangu," akasema. "Inalipa yote ila maabara. Nitolee ankara."

Njeri akajaribu. Ankara ikatoka na jumla isiyo na maana. Sista akatazama sakafu. Mhasibu akavuta kiti, akakaa karibu na Njeri, na tukasubiri aukatae mfumo wake.

"Wacha nikuulize kitu kingine kwanza," akamwambia. Akamgeukia binti wa mauzo pia. "Nyinyi wote wawili. Siku tukigombana, tukiachana, kumbukumbu za wagonjwa ni za nani?"

"Zinabaki kwetu, salama kabisa," binti akajibu. "Mkirudi mnazikuta."

"Ni zenu," akasema Njeri. "Mnaondoka nazo siku hiyohiyo. Nawapa kwenye muundo ambao programu yoyote inaweza kusoma."

Mhasibu akatikisa kichwa polepole. Ndipo alipotusimulia jambo ambalo hakuwahi kutuambia: kabla ya kuja kwetu alifanya kazi kwenye kampuni moja iliyofungiwa hesabu zake zote na muuzaji wa programu baada ya ugomvi. Kampuni ilikufa. Yeye akabaki bila kazi na mtoto mchanga. 

"Hiyo ya bima inafundishika," akamwambia Njeri. "Nitakaa na wewe. Nitakuonyesha kila aina ya bima na ujanja wake. Lakini usiponitengenezea, Sista mwenyewe atakula hizi waya." 

Kisha akamtazama Sista, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Sista akasema, "Ulikuwa bibi mzuri." Basi, yakaisha. Nilitoka nje nikajifanya napokea simu, kumbe nilikuwa natafuta mahali pa kushusha pumzi.

Jumatatu asubuhi Daktari Mkuu aliingia masjala ya Dagoretti bila taarifa. Alikuwa amewaita makarani wa matawi yote. Akawaambia wazi kwamba alikuwa amefikiria kuwapunguza, na kwamba Madam Rekodi amemkatalia. Wataingiza faili wao wenyewe, wakimaliza watafundishwa mapokezi na madai ya bima. Atakayetaka kuondoka aondoke kwa hiari yake. Kyalo alikuwa amesimama karibu na rafu. Alishika mbao kwa mkono mmoja, na mkono mwingine akafunika macho. Mimi nilimtazama Daktari Mkuu, naye akanikonyeza kidogo, jinsi mwalimu mkali anavyofanya siku ya kufunga shule.

Njeri na Mhasibu walifungiana ofisini karibu kila jioni wakibishana kuhusu bima. Nilisikia vicheko huko, jambo lililowashangaza wengi. Daktari Mkuu alitaka matawi yote yahamie siku moja. Tulimwomba aanze na Dagoretti tu, kisha mjini, kisha Spring Valley, na faili za karatasi zibaki kando hadi tuamini. Hilo alikubali haraka. Tulikosea mambo pia. Mwezi wa kwanza maabara walichapisha majibu mara mbilimbili, na daktari mmoja mzee alikataa kubonyeza herufi mwenyewe, akawa anamtamkia muuguzi aandike kama karani wa mahakama, hadi Sista alipomketisha mwenyewe akamfundisha herufi moja baada ya nyingine.

Spring Valley ndiko kulikonifanya niamini. Tawi lilikuwa limehamia kwenye mfumo wiki hiyohiyo, na Kyalo, aliyehamishwa kutoka mjini, alikuwa mapokezi akiwa na shati jipya. Asubuhi ya mvua kubwa, stima imepotea mtaa mzima, msichana wa kazi aliingia mbio akiwa amembeba mtoto wa miaka mitano hivi, amekakamaa, macho yamegeuka, anatetemeka mwili wote. Wazazi walikuwa angani, wanasafiri. Msichana alikuwa ameajiriwa mwezi uliopita tu.

"Anaitwa nani?" Kyalo akauliza.

Msichana alijua jina la kwanza na la baba. Mimi nilikuwa pale kwa ukaguzi, nikasimama nyuma ya Kyalo. Betri ilikuwa inafanya kazi. Kwenye skrini wakatokea watoto watatu wenye majina yanayofanana. Kyalo akainua skrini, akamgeuzia msichana.

"Ni nani kati ya hawa, dada? Angalia picha."

"Huyu! Huyu hapa!"

Mtoto aliwahi kutibiwa tawi la mjini. Iliandikwa ana kifafa, iliandikwa dawa anayotumia na kipimo chake, na kwa rangi nyekundu iliandikwa dawa moja ya kutuliza ambayo ilishawahi kumsumbua pumzi. Muuguzi akasoma kwa sauti, daktari akachagua nyingine, na tukasimama wote tukimtazama mtoto. Mikono ikalegea kwanza. Kisha taya. Kisha akafungua macho, akamtafuta msichana, akaanza kulia kilio cha kawaida cha mtoto aliyekasirika.

Sijawahi kusikia wimbo mtamu kama kilio kile. Msichana aliketi sakafuni hapohapo. Kyalo alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati jipya, akairudisha, akasema kwa sauti ya kikazi, "Anayefuata."

Miaka iliyobaki kazini kwangu ilikuwa myepesi. Bima zilianza kulipa kwa wakati, Mhasibu Mkuu akanenepa kidogo, na Sista akastaafu kabla yangu akaenda kulima maembe Makueni. Nilipostaafu waliniandalia keki, hotuba nyingi, na blanketi zito la manjano. Daktari Mkuu hakuhutubu. Alinishika mkono tu na kusema, "Siku ile ulinitisha." Nikamwambia mimi mwenyewe nilijitisha.

Vijana wanaosomea kazi hii hunitembelea, na wengi wanafikiri enzi zetu zilikuwa za giza. Hazikuwa. Kadi nyekundu ilikuwa akili kubwa kwa wakati wake, na mfumo mbovu wa kompyuta ni masjala mbovu inayokwenda kasi. Ninachowaambia ni wamweke mbele ya skrini yule atakayeitumia Jumatatu yenye foleni, na wampe mgonjwa mgumu. Muuzaji hatapenda, lakini ndipo watakapomjua.

Juzi alinipigia mwanamke mmoja kijana anayesimamia kliniki ndogo Kawangware. Alitaka ushauri kuhusu mifumo miwili aliyokuwa akiipima. Tuliongea sana. Nilimweleza yote haya, nikamwambia ningekuwa mimi ningechukua ule wa kwanza. Akanishukuru. Jana akapiga tena.

"Mama, usikasirike," akasema. "Tumejaribu yote miwili na wauguzi wangu. Nimechukua ule wa pili."

"Wauguzi wameupenda?"

"Sana."

"Na kumbukumbu ni zenu?"

"Ni zetu. Iko kwa mkataba."

Nilicheka hadi akacheka naye. Ulikuwa uamuzi wake, foleni ni yake, na wagonjwa ni wake. Mimi sikuwa na la kusahihisha wala la kulinda. Nikamtakia heri, nikaweka simu mezani, nikatoka nje kuanua nguo kwa sababu wingu la Ngong lilikuwa limeshaanza kuteremka.